Fomu Niliyoijaza Yote

Baba Miraji,

Mchuzi wa perege umo jikoni, nimeufunika na sahani. ~~Usinisubiri.~~ Nisubiri tule pamoja, nitarudi baada ya alasiri.

Yule mtu wa simu uliyonipokelea asubuhi simjui, wallahi. Alikwambia, "Mzee, mwambie mama dawa ya sukari yake ipo." Ukaniuliza, "Unaumwa sukari tangu lini?" Ukaenda shamba bila chai.

Nadhani ni ile fomu ya watu wa taa za sola waliokuja hapa Dimani. Mwalimu wetu wa kisomo cha jioni husema tusiache nafasi wazi, nami nilifurahi kushika kalamu mwenyewe. Walipouliza maradhi, nikaandika. Taa na maradhi yangu vinahusiana vipi? Na nani kawapa wauza dawa habari zangu? Sielewi. Nakwenda ofisini kwao Kibiti kuwaomba wanifute, kama inafutika.

Kila sala niliomba nipate ujasiri wa kukwambia. Mtu baki amenitangulia.

Cheti cha zahanati kimo sandukuni mwangu, chini ya kanga. Kisome chote. Hicho nakupa mwenyewe.

Mama Miraji