Shikamoo ya Nyemo

Jumatatu, 8 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimewasha moto, nimepika uji, nimewavalisha sare wote wawili. Seche ana miaka sita, anaanza darasa la kwanza. Dada yake Nyemo ana tisa. Alitakiwa kuanza miaka mitatu iliyopita. Miguu haimbebi na maneno yake hutoka polepole, ila herufi zote anazijua. Nilimfundisha mwenyewe, kwa kuchora mchangani mbele ya mlango.

Nimembeba mgongoni kwa kitenge, Seche mbele na begi lake. Mwalimu mkuu akamwandikisha Seche palepale. Kwa Nyemo akatupa jicho mara moja tu. Akasema hana mwalimu wa watoto wa namna hiyo, vyoo vina ngazi, nimpeleke shule maalumu ya bweni. Kila mwaka jibu ni hilo hilo.

Tumerudi na sare zetu. Nyemo hakutaka kuzivua mpaka jioni. Nina hasira.

Ijumaa, 12 Januari

Leo shambani, tukiwa tunapunguza majani ya mizabibu, alikuja dada mmoja kutoka mjini. Mwajuma. Ni msaidizi wa kisheria, anazunguka mashamba ya Makutupora kuwaeleza wanawake haki zao. Wenzangu walimuuliza mirathi na waume. Mimi nikamuuliza kuhusu Nyemo.

Anasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma shule ileile wanayosoma wenzake. Shule ndiyo ijirekebishe. Atapeleka malalamiko ofisi ya kata.

Sikujua kama kuna sheria inayomhusu mtoto wangu. Miaka yote nilikuwa naomba huruma.

Jumatano, 24 Januari

Nazungushwa. Mara mtendaji wa kata yuko semina, mara yuko msibani. Mwajuma akipiga simu anaambiwa wiki ijayo.

Baba yao amepiga kutoka Mlali anakolima alizeti. Anasema niache kushindana na serikali, nitajichosha bure. Nikamwambia alime alizeti zake.

Seche karudi anaimba a, e, i, o, u. Akiruka herufi Nyemo anagonga mkeka kwa kiganja mpaka arudie. Mwanafunzi yuko shule, mwalimu yuko nyumbani.

Alhamisi, 1 Februari

Kikao cha kata. Nimeharibu mwenyewe.

Kwetu mtoto haketi kwenye kikao cha wazee. Anasalimia, anaondoka. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo nikamwacha Nyemo kwa jirani, nikavaa kitenge kipya, nikaenda na adabu zangu zote. Mwajuma aliponiona niko peke yangu akashika mdomo. Yeye ni mtu wa mjini. Aliona ni jambo la wazi kwamba nitakuja na mtoto, hakufikiria kuniambia.

Mwenyekiti akauliza mhusika yuko wapi. Nikasema yuko nyumbani. Mwalimu mkuu hakuipoteza nafasi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mama yake mzazi ameshindwa kumleta hapa kwa saa moja tu. Sisi tutamwezaje kutwa nzima?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kunionea huruma. Nilitaka kueleza. Kwamba nilimwacha kwa heshima yao. Kwamba huwa nambeba hadi kisimani, hadi kanisani, hadi shambani. Mwajuma akaomba kikao kingine, wakakubali kwa shingo upande.

Ijumaa, 2 Februari

Sijaenda shambani. Najilaumu tu.

Jumanne, 13 Februari

Tumefanya mazoezi siku zote hizi. Shikamoo. Kwa Nyemo si neno dogo. Linaanza, linakwama kwenye meno, mkono unakakamaa, kichwa kinainama, kisha linatoka zima. Unachotakiwa ni kungoja tu.

Leo, kikao cha pili, nimemkalisha kwenye benchi mbele ya wajumbe, nikamshika kiuno. Nimempaka mafuta, sare imepigwa pasi. Akaanza. Shi. Mwenyekiti akamtazama, akatabasamu, akatazama saa yake. Mwajuma akasema tumpe nafasi mtoto, anasalimia. Akajibiwa kwamba muda hautoshi, kuna watu wa mgogoro wa mpaka wanasubiri nje. Wakaingia kwenye hoja ya vyoo. Bajeti ya kuondoa ngazi, bajeti ya mlango mpana.

Katikati ya vyoo Nyemo akamaliza.

"Shikamooni."

Safi kabisa. Ile ya wengi sikumfundisha, aliona mwenyewe kwamba wako wengi. Nilimsikia, Mwajuma alimsikia. Hakuna mjumbe aliyeitikia. Nyemo akabaki anawaangalia mmoja mmoja, anangoja marahaba yake.

Watu wale huwa wanagomba mitaani mtoto akiwapita bila kusalimia. Nimelia mbele yao. Sioni aibu.

Jumatatu, 19 Februari

Jibu limetoka. Apelekwe shule maalumu ya bweni, mbali, safari ya kutwa kwa basi kwenda na kurudi. Nafasi ipo sasa, nisipompeleka anapewa mwingine.

Mwajuma kaja nyumbani, amekasirika kuliko mimi. Anasema tukate rufaa wilayani, sheria iko upande wetu, ila mwaka unaweza kuisha tukiwa bado tunangoja. Nikasema tukate, na mwanangu haendi popote. Shule iko hapo, kengele yake tunaisikia tukiwa jikoni.

Nyemo alikuwa kwenye mkeka anasikiliza. Akaanza kusema kitu. Tukanyamaza, tukangoja.

"Mama. Huko. Watanifundisha?"

Nikasema ndiyo.

"Basi niende."

Mimi napigania haki. Yeye anataka kusoma. Nikatoka nje nikajifanya naokota kuni.

Rufaa tumekata hivyo hivyo.

Jumamosi, 24 Februari

Nimempeleka. Sare za kule ni za rangi nyingine. Zile za hapa alizikunja mwenyewe jana kwa mkono wake wenye nguvu, akampa Seche. Seche kakataa kuzipokea. Anasema ni za dada, atazivaa akirudi. Nimeziweka chini ya godoro.

Mlezi wa bweni ni mama wa makamo. Nyemo alipoanza kusalimia, yule mama akachuchumaa mbele yake, akangoja mpaka neno likaisha. Akaitikia marahaba mwanangu. Nilikwenda pale nimejiandaa kumchukia, nikashindwa.

Nyemo hakulia nilipoondoka. Afadhali angelia. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi njia nzima, sikujua niufanyie nini.

Jumatano, 6 Machi

Zabibu zinavunwa. Mikono inanata hata baada ya kunawa. Mwajuma kapiga simu, rufaa bado haijapangiwa siku. Anasema hatakata tamaa. Namwamini.

Alasiri nilikuwa nachambua mlenda mlangoni. Seche karudi, kavua viatu, kasema shikamoo mama. Sikuitikia. Nilikuwa nangoja ya pili, ile inayochelewa, kutoka mkekani. Seche naye kasimama na begi mgongoni, anangoja.

Nikaitikia mara mbili. Hakuuliza kwa nini.