Gari Dogo la Kupanda Wanale

Nagoya, Japani

Kaka yangu mpendwa Twaha,

Assalamu alaykum. Barua yako imenikuta mzima wa mwili. Natumaini nawe, Mama na wote hapo Nabuyonga mnaamka salama, na kwamba miguu ya Mama haijavimba tena. Huku baridi ni kali, na tangu msiba wa ndugu yetu Bakari sijapata usingizi wa kutosha.

Umeniuliza ni gari gani dogo la kupanda milima nikutumie badala ya lile alimofia Bakari, upate kupandisha bidhaa mlimani Wanale na kumpeleka Mama kliniki Jinja. Nimelifikiria jambo hili kuliko masomo yangu.

Chuoni kwetu liko moja la majaribio, linaloendeshwa kwa umeme mtupu. Hupanda bila kelele, na likiteremka hujirudishia umeme katika betri. Nililitamani kwa ajili yako. Lakini betri hiyo ikifa, sidhani kama yuko fundi wa kuifufua kuanzia Mbale hadi Kampala.

Nikaenda kwa Bwana Karim, Mhindi mzaliwa wa Jinja anayeuza magari yaliyotumika hapa Nagoya. Familia yake ilifukuzwa nchini kwetu pamoja na Wahindi wengine, yeye angali mtoto, ila Kiswahili hakijamtoka. Nilipomtajia gari la umeme alicheka. "Dada, Mbale utalichomeka wapi? Kwenye mgomba?" Akanionyesha dogo la petroli, la gia za mkono, ambalo spea zake anasema hazikosekani Jinja. Kisha akauliza, kwa mzaha tu, kama madereva wa kwetu bado wanazima injini mteremkoni ili kubana mafuta.

Nilimjibu kwamba marehemu Baba alitufundisha hivyo sote, kwa pikapu yake ya zamani. Mzaha ukamwisha.

"Pikapu ile breki zake zilikuwa nguvu ya mguu tu," alisema. "Hizi zinasaidiwa na injini. Ukiizima, ukikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa jiwe. Usukani nao unakuwa mzito."

Kaka, uliniandikia kwamba breki za Bakari zilikataa mteremkoni Wanale, lakini fundi alipozikagua hakuona kasoro. Uliandika pia kwamba wachuma kahawa waliliona gari likiwapita bila mlio. Sikuwapo, na huenda ninaunganisha mambo yasiyohusiana. Hata hivyo siwezi tena kuyatenganisha.

Kadiri ninavyoweza kuhukumu, hilo la petroli ni imara. Ila sitalituma mpaka uniandikie kwamba hutazima injini Wanale, hata bei ya petroli ipande namna gani. Usipoweza kuahidi, bora ukose gari.

Nisalimie Mama, na mkeo, wifi yangu Hadija. Wifi Zaina, mjane wa Bakari, usimsomee haya bado. Anaamini gari ndilo lililomsaliti mumewe, na pengine imani hiyo ndiyo inayomwezesha kulala. Ukiona ni haki yake kujua, mwambie wewe unayemwona uso. Mimi niko mbali mno kujua kama kunyamaza kwangu ni huruma au ni woga.

Mdogo wako,
Safina