Watoto wa Yakobi Wamenenepa Wote

Njombe, Alhamisi, Julai

Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Nimevaa makoti mawili na bado vidole vinagoma kushika kalamu. Moyo nao haujatulia. Wiki nzima nimemshuku mtu, kumbe hana kosa. Sasa namshuku mwingine.

Nianze na Rehema. Ni binti wa mwenye malori wa Makambako, na tunafanya kazi pamoja katika shirika linalogawa unga wa lishe kwa watoto wadogo. Mimi nagawa unga, yeye anapima uzito. Watoto walipimwa Desemba kabla ya mgao wa kwanza, na mwezi huu amewapima tena, ili wafadhili wajue kama unga wao umesaidia.

Watoto wa kijiji cha Yakobi wamenenepa. Wote.

Hilo "wote" ndilo lililoninyima raha. Kabla ya kazi hii nilikuwa muuguzi msaidizi kliniki. Watoto hawanenepi kwa pamoja kama waliopigiwa filimbi. Yupo aliyeharisha, yupo anayeota meno, yupo ambaye mama yake amebeba mimba nyingine na maziwa yamekatika. Itakuwaje asipatikane hata mmoja aliyepungua? Nikajiambia kwamba Rehema anakaa kwao Makambako na kubuni uzito.

Sikumwuliza. Nilimchekea, nikanywa naye chai, na moyoni nikamwita mwongo.

Jumanne nilichukua mizani nikaenda Yakobi peke yangu, kwa Mama Tumaini. Tunasali naye usharika mmoja, ndiyo maana nilimchagua yeye. Nikabisha hodi, "Kamwene!" naye akanikaribisha jikoni, moto ukiwaka. Nikamtundika Tumaini kwenye mizani kama alivyokuwa. Uzito ukawa uleule aliouandika Rehema. Hakubuni chochote.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nilipomshika mtoto mkono, ndani ya mkono wa sweta, vidole vyangu vilikutana mapema mno.

"Mama Tumaini, naomba tumvue."

"Kwa baridi hii, dada?"

"Hapahapa motoni. Mara moja tu."

Tukamvua kofia, sweta la kufuma, sweta la pili, suruali, soksi za sufu, na kanga aliyozungushiwa kifuani. Kila kilichotoka kilimfanya awe mdogo zaidi. Nikamrudisha mizanini.

Alikuwa mwepesi kuliko Desemba.

Desemba, wakati wa joto, watoto walipimwa wakiwa na chupi tu. Julai tumepima masweta.

Mama Tumaini akamvisha mwanawe harakaharaka bila kunitazama. Nikamwuliza unga unakwenda wapi, na sauti yangu ilikuwa ya polisi. Nilikuwa nimeshawazia magunia yetu yakiuzwa sokoni Makambako.

"Unaliwa, dada," akasema. "Tunaula sote. Tangu ruzuku ya mbolea iondolewe, mahindi yetu yanatoka ya manjano, mafupi. Nikikoroga uji wa Tumaini, kaka na dada zake wamekaa hapo wanatazama sufuria. Niwafukuze?"

Nikamwokotea soksi iliyoanguka.

"Sasa umejua," akaendelea. "Mtatuongezea, au mtatukata?"

Nilifunga mizani yangu nikaondoka, na njia nzima nilijiuliza kama nimekwenda kumsaidia yule mama au kumchongea.

Leo asubuhi nikashuka Makambako, nikamweleza Rehema. Hakukasirika kwamba nimepima nyuma yake. Alikasirikia swali la kwa nini hakuwavua.

"Niliwapimia nje, kwenye ukungu. Nimvue mtoto apate nimonia ili wafadhili wapate takwimu nzuri? Wewe ungemvua wako?"

Nisingemvua. Hata sikufikiri kwamba aliwapimia nje.

Tukaingia pamoja kwa Bwana Mhando, mratibu wetu. Alisikiliza huku akichezea funguo za gari.

"Uzito ni uzito," akasema. "Wageni wanakuja wiki ijayo. Takwimu tulizonazo zinatosha."

"Basi andika kwamba umepima wewe, bosi," Rehema akamjibu. "Jina langu silitoi."

Nilidhani kazi zetu zimekwisha palepale. Mhando akatazama dirishani, kwenye malori yanayopakia mahindi. Kisha uso wake ukabadilika, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo jema.

"Hebu. Unga wanao, na bado wamepungua? Basi mgao ni mdogo! Tutaomba wa familia nzima. Awamu ya pili, gari jipya, kila kitu. Kapimeni upya wote, ndani ya nyumba, bila nguo." Tulipofika mlangoni akatuita. "Mkimkuta mwenye mbavu za kuonekana vizuri, mpigeni picha."

Rehema alitoka anacheka kwa furaha. Tumeshinda, alisema. Tukapanga kuanza na Yakobi.

Mimi sikucheka. Amekubali haraka mno. Hakuuliza kama kuna mtoto mgonjwa. Hakuuliza jina hata moja. Asubuhi alitaka watoto wanene, kufikia mchana akawataka wembamba, na nyakati zote mbili alikuwa na hakika kwamba anawasaidia.

Labda namwonea, kama nilivyomwonea Rehema. Labda ndivyo msaada unavyopatikana siku hizi, na mimi ni mtu wa kushuku tu.

Nitapima, na nitapima sawasawa. Unga wa familia nzima ukipatikana, Mama Tumaini hatagawanya tena uji wa mtoto wake, na kwa hilo niko tayari kuvumilia hata gari jipya la Mhando.

Lakini leo nimemwona mtu akifurahi kusikia kwamba watoto wamekonda. Mwakani, wakinenepa kwelikweli, tutaruhusiwa kusema?