Atupele na Vipeo vya Madam Janeth

Shoga, ule umbea kwamba Atupele wangu kapata mama mwingine kule mtaa wa Ibighi ulinikaba, nikaenda mwenyewe.

Nimemkuta kwa Madam Janeth, mwalimu wake wa tuisheni. Wanazidisha tatu mara kumi kipeo cha nne, kwa mbili mara kumi kipeo cha tano.

Nikadakia: "Sita, na kipeo ishirini!"

Mwanangu akacheka! "Vipeo tunajumlisha. Ni tisa. Au siyo, mama?"

Anamwangalia Madam! Mama! Nimesimama hapo hapo!

Na Doreen wako anaanza huko Jumatatu. Nakuonya:

Asile kwa Madam.
Usimpelekee Madam ndizi.
Usidakie hesabu.
Akiomba kulala huko, kataa. Wangu kaomba, nikakubali kwa aibu.