Jiwe Jeupe la Nzisa

Mwelu, uko? Weka hiyo chai chini. Wiki ya pili tu kazini na nimeitwa kwa chifu kesho!

Juzi si niliwaambia watoto wangu wa chekechea kila mtu alete jiwe kutoka nyumbani? Tulishike, tulikwaruze, tulivunje kwa nyundo tuone ndani.

Jana wengine wakaleta kokoto. Nzisa akaleta jiwe jeupe kubwa kama ugali wa watu sita, dadake akisukuma wilbaro. Nikampigia makofi, mimi huyu! Tukalivunja. Liling'aa vizuri sana.

Leo asubuhi babu yake Nzisa na jirani yake wako mlangoni. "Mwalimu, jiwe letu la mpaka liko wapi?"

La mpaka, Mwelu. LA MPAKA. Nikawaletea ndoo ya vipande.

Wakamuuliza Nzisa lilikuwa wapi. "Hapo kwa mahindi." Mahindi yako pande zote mbili.

Hao wazee hawajasalimiana miaka tisa. Leo wamekubaliana kwamba kosa ni langu. Ndiye mimi sasa, mleta amani wa kijiji cha Mumbuni.

Mwalimu mkuu anasema nikibaki na kazi baada ya kesho, nimwambie mapema somo linalofuata.

Nimemwambia ni mawingu. Sasa waende walete hayo kutoka nyumbani.