Seromu Iliyobaki Mapendo

Mama Vumilia,

Ninakuandikia nikiwa nimesukuma kitanda mlangoni. Risasi bado zinalia upande wa Birere, na mikono yangu, hii uliyoifundisha kuzalisha, ndiyo inayoshika kalamu.

Tangu kolera ikuchukue, waasi wameingia Goma. Wakubwa wa serikali walipanda boti wakavuka ziwa, sisi wa materinite, nyumba ya kuzalishia, hatukuambiwa kitu. Ni wale wale waliokuja kwenye maziko yako na shada kubwa, wakakuita shujaa. Nilitaka kupiga kelele. Ulipoanguka kazini, seromu zetu, maji ya kutundikia wagonjwa, zilikuwa zimeisha, na zile za serikali zilikuwa zimelala depo, zikingoja sahihi. Wewe ulicheka tu, midomo imekauka: "Serikali iko njiani, mwanangu. Inakuja polepole kama muzee." Sasa hata wa kumdai hayupo.

Unakumbuka volkano ilipowaka, watu wakikimbilia Sake na magodoro kichwani? Tulibaki na yule mama wa mapacha. Ardhi ilitetemeka, nikaanza kulia. Ukanifokea: "Lia, lakini usiachilie kichwa cha mutoto!"

Jana mchana niliogopa kuliko siku ile. Watu wenye silaha waliingia materinite yetu ya Mapendo. Walibeba magodoro, dawa, seromu zote. Ilibaki moja, imetundikwa juu ya Neema, aliyekuwa ametoka kuzaa na damu haikatiki. Mmoja wao akanyoosha mkono aichukue.

Nikaushika mpira wa seromu. Mkojo ukanitoka, Mama, mbele yao wote. Akacheka. Kisha akaona damu sakafuni, akaurudisha mkono. Mwenzake akamwita kutoka inje: "Twende, weye!" Akaenda.

Neema yuko hai. Leo asubuhi amenyonyesha.

Wenzangu wengi wamevuka mpaka kwenda Gisenyi. Mama mzazi ananipigia simu kutoka Bukavu, analia, anataka nimfuate. Siwezi kukuahidi ushujaa, Mama, sina. Ninakuahidi hili tu: kesho nitafungua materinite. Wanawake waliokimbia Kibumba wamelala shuleni hapo karibu, siku za kuzaa zimewafikia, na hawana mlango mwingine wa kubisha.

Kwaheri, Mama. Na ukiniona nimefika huko kwako kabla ya wakati, ujue nilitokea kazini.

Mwanao,
Aline