Maharage ya Mama

Njombe, 14 Julai

Mpendwa mdogo wangu Rejoice,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Makambako, wewe, shemeji Danford na watoto. Sisi tupo, baridi imetushika, asubuhi sakitu imelala juu ya viazi. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu.

Mama hakuanguka kama ulivyosikia. Alikuwa kwenye kigoda jikoni akichambua maharage, akashindwa kuinuka. Nilimkuta ameshika nguzo, akaniambia kigoda kimezama. Kule zahanati, muuguzi alimshika mapaja, akasema misuli imekwisha, akauliza anakula nini. Nikaanza hotuba yangu: kwamba nyumba yetu haili nyama kwa uamuzi, kwamba nimesoma, kwamba maharage, kunde na karanga hutunza misuli ya mwanamke bila nyama, mradi ale vya kutosha. Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni sawa, ila yeye ameuliza mama anakula nini, hakuuliza mimi nimesoma nini.

Mama akajibu mwenyewe kwamba anakula ugali na mchuzi. Nikasema mzee anasahau.

Mwaka juzi uliniambia anakonda, ukataka kumchukua akale nyama na samaki kwako. Nilikujibu kurasa nne, nikakuita mtumwa wa bucha. Tangu hapo umenyamaza.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia muuguzi. Unajua mama hula jikoni, mwisho, kama alivyozoea tangu enzi za baba. Mimi hula mezani na vitabu vyangu, bakuli la maharage limejaa. Julai ya mwaka jana nilifuata chumvi jikoni nikamkuta anafuta sufuria kwa tonge. Punje hazikuwemo, ulikuwa mchuzi mtupu. Akasema yeye mzee, mimi nina kazi ya kichwa. Wiki hiyo nilikuwa naandika makala ya kuwashambulia wanaume wanaokula mapaja ya kuku na kuwaachia wake zao shingo. Nilirudi mezani nikaimaliza makala. Bakuli nalo nikalimaliza. Sikusahau, Rejoice. Nilijua mwaka mzima, nikaendelea kula.

Siku hizi napakua mimi. Mezani amekataa kukaa, kwa hiyo nakula naye jikoni, na siondoki mpaka bakuli lake liishe. Muuguzi ameagiza asimame na kukaa kwenye kiti mara tano kila asubuhi. Jana alifika tatu, kanishika bega. Hana uzito kabisa.

Njoo Jumamosi umwone. Ukiamua kumchukua, nitamfungia nguo zake mimi mwenyewe. Nimechoka kuwa sahihi.

Mama anawasalimu wote. Anasema uje na dagaa, na ukitaka kunigombeza usubiri kwanza tumalize kula.

Dada yako,
Ema